Kompyuta Iliyosubiri Shikamoo

Mara ya kwanza nilifelishwa na kuku. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilifundisha darasa kwa kompyuta mjini Shinyanga miaka ya themanini, wanadhani nilichaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimebakiwa na nafasi moja tu, na wenzangu wote walikuwa bado na kitu cha kupoteza.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na dini yake, nayo ilikuwa zana za kufundishia. Mwanachuo aliyeingia darasani na chaki peke yake alionekana kama aliyeingia bila viatu. Tulifinyanga milima ya udongo, tulikata maboksi tukapata saa, tulikusanya vizibo vya soda mpaka wenye maduka wakaanza kutufukuza. Mkufunzi wa zana alikuwa mzee mfupi aliyezaliwa Tinde, baba yake akiwa mtu wa pwani aliyekuja na biashara akasahau kurudi. Alikuwa na Kiswahili kilichopigwa pasi na tabia ya kushika zana yako kwa vidole viwili, kana kwamba ina maji. Aliamini kwamba zana inayonunuliwa dukani ni uvivu uliofungwa kwenye karatasi.

Kwa somo la ndege, basi, mimi nilimwazima kuku kwa mpishi wa chuo. Nilimfunga mguu kwenye meza nikaanza kueleza kazi ya manyoya. Nilipofika kwenye mabawa, kuku akajikunja, akanyamaza, akataga. Darasa zima lilisimama juu ya madawati kutazama yai. Mkaguzi aliyekuwa amekaa nyuma, mzee wa watu mwenye nywele nyeupe kama pamba ya daraja la kwanza, alikuja mbele akaniambia kwa upole kwamba zana imefundisha kuliko mwalimu. Nikafeli mazoezi ya kufundisha, na kanuni ilikuwa wazi: ukifeli mara ya pili unafunga sanduku unarudi kwenu.

Kwetu ni Ushirombo, na huko kulikuwa na tatizo jingine. Baba alikuwa ametangaza kanisani, baada ya misa, kwamba binti yake ni mwalimu. Hakusema anasomea ualimu, alisema ni mwalimu. Siku hiyohiyo watu wakaacha kumwita kwa jina la kaka yangu mkubwa wakaanza kumwita Baba Mwalimu, naye aliligeukia jina hilo haraka kuliko alivyowahi kumgeukia mama. Nilipofeli kwa ajili ya kuku sikumwambia. Nilijua kwamba nikirudi bila cheti hatanigombeza. Atakaa tu kimya, na kila atakayepita njiani atamwita Baba Mwalimu, naye ataitika. Hilo lilinitia woga kuliko kiboko chochote.

Sasa kompyuta. Tulikuwa na mwalimu wa kigeni wa hisabati, na mkataba wake ulipokwisha alituachia vitu vitatu: baiskeli, chandarua, na kompyuta. Baiskeli na chandarua vilipata wenyewe kabla gari lake halijafika stesheni. Kompyuta ikabaki. Ilikuwa kitu kidogo cheusi chenye vitufe, bila kioo, na ili uone unachoandika ilibidi uiunganishe na televisheni. Mkuu wa chuo aliifungia ofisini kwake, akaiwekea kitambaa cha kufuma, mpaka siku aliporudi kutoka kwenye mkutano fulani akiwa amesikia kwamba walimu wa kesho watafundisha kwa kompyuta. Alituita wote ukumbini. Alitaka mwanachuo mmoja aitumie mbele ya mkaguzi, katika somo la mtihani. Sijapata kuona vijana wengi kiasi kile wakiitazama dari kwa pamoja. Nikanyoosha mkono.

Televisheni ilikuwa kazi. Bara hatukuwa hata na kituo cha kurusha matangazo ya televisheni. Waliokuwa na seti walizitumia kutazamia video. Mjini tulimjua mzee mmoja mwenye seti kubwa, mfanyabiashara aliyekuwa akinunua dhahabu kwa wachimbaji wa Geita na kuwarudishia siku za mapumziko picha za ngumi kwa kiingilio. Alikubali kutuazima, kwa sharti kwamba seti haitatoka nyumbani kwake bila yeye. Alisema angekaa darasani pembeni yake, kama mtu anavyokaa hospitali na mgonjwa wake.

Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa mkufunzi wa zana. Alizunguka ile kompyuta, akaigusa kwa vidole viwili, akaniuliza:

"Hii umeitengeneza wewe?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi siyo zana. Ni mali."

Nililia siku hiyo, sitaficha. Lakini mgeni alikuwa ameacha pia kijitabu, na kijitabu kilisema kwamba kompyuta haijui lolote mpaka uiandikie maelekezo, mstari kwa mstari. Nikarudi kwa mkufunzi nikamwambia kwamba kitu kile ni udongo tu, na maelekezo nitayafinyanga mwenyewe. Neno udongo lilimgusa. Akakubali kuja kuona.

Jioni baada ya jioni nilikwenda kwa yule mzee wa dhahabu, nikakaa chini mbele ya seti yake, wajukuu zake wakinichungulia kwa hasira kwa kuwa nimewakatizia ngumi. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kutoka nje. Nilikosea koma, kompyuta ikakataa. Nilikosea namba ya mstari, ikakataa. Haikuwa na hasira wala huruma, na nilianza kuielewa, kwa sababu mama yangu yuko hivyo. Siku iliponiuliza kwenye kioo saba mara nane ni ngapi, na nikajibu, nayo ikaandika VIZURI, nilicheka peke yangu mpaka mzee akaja kuangalia kama seti yake iko salama.

Somo langu lilikuwa kuzidisha, darasa la nne. Na kwa kuwa kila andalio la somo tulilofundishwa linaanza na salamu, programu yangu nayo ilianza na salamu. Sikufikiri mara mbili. Kompyuta iliandika HUJAMBO? kisha ikasubiri SIJAMBO, ndipo ikatoa maswali.

Mkufunzi wa zana akaja, akavuta kiti, akasoma HUJAMBO? Akakunja mikono. Nilimwambia aandike sijambo. Hakuandika. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayejizuia, kwamba kitu kilichoingia nchini juzi, ambacho hata meno hakijaota, hakiwezi kumwuliza hujambo mtu mwenye wajukuu. Alisema kosa si la kompyuta, ni la aliyeilea. Nikaomba radhi kwa niaba yake. Nikafuta HUJAMBO nikaweka SHIKAMOO, na nikaiambia isiendelee mpaka ipate MARAHABA.

Mabadiliko yalikuwa ya ajabu. Alitafuta herufi za marahaba moja moja kwa kidole kimoja, na alipomaliza akainuka, akaishukuru, akaenda zake bila kufika kwenye kuzidisha. Kesho yake akarudi. Na keshokutwa yake. Sidhani kama aliwahi kujibu hata swali moja la hesabu. Alikuwa anakuja kuamkiwa.

Basi ikafika siku yenyewe. Lazima nieleze habari za wale watoto. Shule ya mazoezi ilikuwa imepakana na ukuta wa chuo, na watoto wake walikuwa wamefundishwa na wanachuo tangu darasa la kwanza. Walitujua. Walijua utangulizi wa somo unaishia wapi na maarifa mapya yanaanzia wapi, na ukisahau tathmini walikukumbusha. Neno mwalimu waliwawekea walimu wao wenyewe. Sisi walituita mwanachuo, kama mtu anavyosema mgeni. Kiranja wa darasa la nne alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa Kisukuma mwenye adabu ya kutisha, aliyekuwa na desturi ya kutikisa kichwa kidogo mwanachuo anapokosea.

Televisheni ilifika kwenye pikapu, imeviringishiwa godoro, mzee wa dhahabu akiwa ameishikilia kwa mikono miwili. Nyuma yake likaja gari la mkaguzi. Mkaguzi alikuwa yuleyule wa kuku. Watoto walikuwa wamepanga mstari nje ya darasa. Wakamwona mzee wa dhahabu akiiacha seti yake kwa mara ya kwanza, akivua kofia, akiinama mbele ya mkaguzi na kusema shikamoo kaka. Mkaguzi akasema marahaba, akamuuliza habari za Tinde. Wawili hao walikuwa wamekua kijiji kimoja. Mimi sikulitia maanani jambo hilo, lakini watoto hawana kazi nyingine zaidi ya kutia maanani.

Tukaingia. Mkuu wa chuo, mkufunzi na mkaguzi wakakaa nyuma. Mzee wa dhahabu akakaa mbele, pembeni ya seti. Nikawasha. Nikamwita kiranja aje aanze.

Kioo kikaandika SHIKAMOO.

Msichana akakisoma. Akanitazama. Kisha akapiga goti mbele ya meza, kama mabinti wa huku wanavyofanya kwa wakubwa, akasema shikamoo kwa mdomo. Nikamwambia kompyuta haisikii, aandike. Akainuka, akatafuta herufi, akaandika SHIKAMOO. Programu, kwa kuwa haikupata marahaba, ikaandika SHIKAMOO tena. Msichana akapiga goti tena. Akainuka, akaandika SHIKAMOO. Kompyuta ikaandika SHIKAMOO. Waliendelea hivyo, mmoja akishuka na kupanda, mwingine akimeta tu, wote wawili wamekataa katakata kuwa mkubwa. Darasa lilikuwa limeanza kupanda juu ya madawati kama wakati wa kuku. Nikakumbuka yai, na nikaona sanduku langu.

Nikamwomba aandike marahaba tu, tuendelee.

"Siwezi," akasema. "Ni ya mzee."

Alisema kwa heshima kabisa, na darasa zima likamuunga mkono. Nyumbani kwao, wakasema, hakuna mtoto anayekalia kiti cha baba hata baba akiwa safarini. Kitu cha mkubwa ni mkubwa. Mwenye hii televisheni amekaa hapa, mtoto aiitikie marahaba kwa kichwa gani? Mvulana wa nyuma akadai kwamba kompyuta ni mtoto kwa kuwa haijui kuteka maji. Mwingine akasema haiwezi kuwa mtoto, watoto hawajui saba mara nane. Mmoja akataka kujua kwa nini haikusema mwangaluka, kama Wasukuma wanavyoamkiana, maana ilikuwa bado asubuhi, na nyumbani kwao Kiswahili si cha asubuhi. Mkufunzi wa zana aliinua mkono kama mwanafunzi, akataka kuchangia. Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani ulitoka kwa baba, nilimwona kichwani mwangu akiitika njiani. Nikasimamisha programu, nikafunga andalio la somo, nikawaambia watoto kwamba hii mashine haina adabu wala utovu wa adabu, ina maelekezo tu, na maelekezo tutayaandika sote. Nikawauliza: ili ujue nani amwamkie nani, unahitaji kujua nini kwanza?

Wakajibu kwa pamoja kwamba unahitaji kujua umri.

Kumbe hesabu ilikuwa imelala pale muda wote. Nikachora ubaoni alama ya kubwa kuliko na ndogo kuliko, mdomo ukifunguka upande wa kikubwa. Tukakubaliana kwamba kompyuta itachukua umri wa mwenye televisheni. Kiranja akamwuliza mzee, akiwa amepiga goti, na mzee wa dhahabu, ambaye hakuwa na mwajiri isipokuwa ardhi, akasema kwa majivuno ana miaka sitini na miwili. Tukaandika: uliza umri. Kama ni mdogo kuliko sitini na mbili, nyamaza, subiri shikamoo, ukiipata jibu marahaba. Kama ni mkubwa, toa shikamoo wewe. Watoto walinisomea mistari, mimi nikabonyeza. Nilipokosea koma kiranja alitikisa kichwa, nikarekebisha.

Na ikafanya kazi. Mtoto mmoja mmoja alikuja, akaandika miaka yake kumi au kumi na mmoja, akaandika shikamoo, akapewa marahaba, akajibu kuzidisha, akarudi kwenye dawati akiwa ameongezeka urefu. Walipigana vikumbo kuja kufanya hesabu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena darasani kwa urahisi ule, na nikamwona mkaguzi akitabasamu.

Tatizo ni kwamba alitabasamu mpaka akainuka. Akasema naye angependa kujaribu.

Akakaa. Kompyuta ikamwuliza UNA MIAKA MINGAPI? Akanyoosha kidole, akakirudisha. Nitawaeleza kitu ambacho kila mtumishi wa wakati ule anakijua: kulikuwa na umri wa nyumbani na umri wa kazini. Umri wa kazini ulikuwa mtulivu, haukukimbia ovyo kuelekea kustaafu. Mkaguzi akatazama nyuma, akamwona mkuu wa chuo akinyoosha shingo, akaandika 51.

Kompyuta ikanyamaza, ikisubiri. Alama ya kuuliza ikawa inamwangalia mzee wa watu, nywele nyeupe zikimulikwa na kioo. Naye anaitazama. Kiranja, ambaye hakupenda kuona mtu akipata shida darasani kwake, akamsogelea.

"Mpe shikamoo, babu. Ukimpa inaendelea."

Mkufunzi wa zana akapata kikohozi. Mkaguzi hakuandika. Kiranja akaangalia kioo, akaangalia namba, na nikaona kabisa somo langu likifanya kazi ndani ya kichwa chake.

"Lakini mzee alikuamkia wewe asubuhi," akasema. "Mzee ana sitini na mbili. Kwa hiyo babu ni kubwa kuliko sitini na mbili."

Darasa likapiga makofi, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi. Wanafunzi wangu walikuwa wameelewa mada kwa asilimia mia, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akanivuta karibu. Kijasho kilikuwa kimemtoka puani. Aliniuliza kwa kunong'ona kama yanayoandikwa humu yanafika Dar es Salaam, maana alikuwa amesikia kwamba huko mishahara sasa inapigwa hesabu na kompyuta, na hakujua kama zinajuana.

Hapo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Programu ile mpya, ya mimi na watoto, sikuwa nimeirekodi kwenye kaseti ya redio, kama nilivyofanya jioni zile kwa ile ya kwanza. Ilikuwa ndani ya mashine tu, na alama zangu mkaguzi alikuwa bado hajaziandika. Mashine ikizimwa, zana iliyofanya kazi, jasho langu na la watoto, inakufa pale pale kabla ya kukaguliwa. Lakini nilimtazama usoni na hakuwa mkaguzi tena. Alikuwa mtu mzima mwenye hofu ya kurudi kwao kabla hajajiandaa, na hofu hiyo niliijua kwa jina.

"Ukizima, inasahau yote, baba," nikamwambia. Nikang'oa waya ukutani.

Kioo kikafifia, nukta moja ya mwanga ikabaki katikati, nayo ikaondoka. Watoto wakaguna. Mzee wa dhahabu akaipapasa seti yake. Mkaguzi akabaki ameketi, akihakikisha.

"Yote?"

"Yote. Hata mimi hainijui sasa."

Kulikuwa bado na tathmini, kiranja akanikumbusha. Nikashika chaki. Nikamaliza kipindi kwa ubao, kubwa kuliko na ndogo kuliko, watoto wakijibu kwa mayowe, bila zana yoyote, jambo ambalo kwenye chuo chetu lilikuwa karibu na dhambi. Kengele ikalia.

Nyuma, mkufunzi aliinuka kunitetea kwamba zana ilikuwepo na aliishuhudia mwenyewe, imemfundisha mara nyingi, alisema, kisha akajisahihisha kwamba imemwamkia. Mkaguzi akamwambia akae. Akanifuta vumbi la chaki begani, akasema mbele ya wote kwamba safari hii mwalimu amefundisha kuliko zana, na kwamba nimefaulu. Kuhusu zana akasema ina adabu, tena ina sifa moja ambayo hajaiona kwa binadamu wengi: inajua kusahau.

Niliwaza Ushirombo. Niliwaza baba akiitika njiani, na sasa itakuwa kweli. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka mkaguzi wa watu ayaone.

Darasa likatoka. Kiranja akabaki nyuma, kama alivyofunzwa, kuhakikisha madawati yamenyooka. Alipofika kwenye meza akasimama mbele ya kile kioo cheusi, waya ukining'inia, akapiga goti akasema shikamoo. Akasubiri. Nikaona haya kwa ajili ya mashine. Nikaitikia mimi.

"Marahaba."

Akageuka, akanitazama kwa ule mtikisiko wake wa kichwa.

"Sikukuamkia wewe, mwalimu," akasema, akaenda zake nje kucheza.